Deni Mlangoni: Nehemia, Mjane wa Nabii na Daftari la Kikundi Chetu

(Hotuba kwenye semina ya uchumi ya usharika, kabla ya mkutano wa mwaka wa kikundi cha kuweka na kukopa.)

Bwana Yesu asifiwe. Tena, Bwana Yesu asifiwe.

Baba mchungaji, mama mchungaji, wazee wa kanisa, mwenyekiti wa kikundi na ninyi wanakikundi wenzangu: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana. Mwenyekiti amenionya kwamba baada yangu kuna mkutano wa mwaka na wali uko jikoni, kwa hiyo sitazunguka.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya Mkristo kwa kutumia hadithi za kale za Biblia. Ni jambo pana. Ukilifuata lilivyo utaanza na Adamu, na jua litazama hujafika kwa Nuhu. Nimechagua kitu kimoja ambacho kimo katika hadithi hizo na kimo humu ukumbini: deni. Najua ukitaja deni kanisani watu huinamisha vichwa wakaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Inueni tu vichwa, mimi sijaja na majina. Majina anayo mhazini.

Fungueni Nehemia sura ya 5.

Nehemia tunamfahamu kama mtu wa ukuta. Hakuna harambee ya ujenzi isiyomtaja. Utasikia "Haya! Na tuondoke tukajenge," kisha bahasha zinapita. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani. Mwaka wa 20 wa mfalme huyo, yaani mwaka 445 kabla ya Kristo, akaomba ruhusa, akaja Yerusalemu, akakuta malango yameteketea kwa moto, na ukuta ukasimama kwa siku 52. Wahubiri wetu wanaichukua sura ya 1 hadi ya 4, halafu wanaruka kwenda ya 6 ambako ukuta unamalizika. Sura ya 5 inabaki katikati kama mgeni asiyekaribishwa. Mimi nadhani najua sababu. Katika sura ya 4 maadui wako nje, wana majina yao, Sanbalati na Tobia, na ni rahisi kuwakemea. Katika sura ya 5 wanaoumiza watu wamo ndani ya ukuta, wameshika mwiko na chokaa, na baadhi yao pengine waliwahi kufungua ibada kwa sala.

Inaanza na kilio. Kilio kikuu cha watu na wake zao, juu ya ndugu zao Wayahudi. Angalieni hao wake. Ezra na Nehemia ni vitabu vyenye orodha ndefu za wanaume, baba na mwana na mjukuu, lakini hapa mwandishi kawaweka wanawake kwenye mstari wa kwanza kabisa. Mama ndiye anayeingiza mkono kwenye mtungi na kugusa chini.

Na malalamiko yao yako ya aina tatu, hayakuchanganywa. Wa kwanza wanasema: sisi na watoto wetu tu wengi, tupate ngano tule tukaishi. Hao hata cha kuweka rehani hawana. Wa pili wanasema: tumeweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili tupate ngano kwa sababu ya njaa. Wa tatu wanasema: tumekopa fedha tukalipe kodi ya mfalme. Kisha wote kwa pamoja wanatoa neno ambalo ukilisoma polepole linachoma: miili yetu ni kama miili ya ndugu zetu, watoto wetu ni kama watoto wao, lakini tazama, tunawatia utumwani wana wetu na binti zetu, na baadhi ya binti zetu wameshatiwa utumwani, wala hatuna uwezo wa kufanya lolote, maana mashamba yetu yako kwa watu wengine.

Sasa jiulizeni, hao watu walikuwa wapi mchana? Walikuwa ukutani. Sura ya 4 inasema waliagizwa walale humo humo Yerusalemu, usiku wawe walinzi na mchana wafanye kazi. Ukuta ulimalizika tarehe 25 ya mwezi wa Eluli, ambao kwa kalenda yetu ni kama Agosti kwenda Septemba. Rudisha siku 52 nyuma uone: kazi ile ilifanyika msimu wa kuvuna zabibu. Mtu yuko Yerusalemu anabeba mawe kwa ajili ya nyumba ya Mungu na mji wa Mungu, nyumbani mkewe anahangaika peke yake, na aliyemkopesha ngano yuko naye kwenye zamu ile ile ya ukuta, anamsabahi asubuhi, anamkata riba jioni.

Nitasema jambo hapa, baba mchungaji utanisamehe. Wapo watu katika sharika zetu, sisemi hapa, nasema katika sharika zetu, ambao wamechukua mkopo wa kausha damu ili watimize ahadi ya jengo. Kadi ya ahadi inasomwa mbele ya watu, jina lako linatajwa na kiasi kilichobaki, na Jumapili ijayo hutaki litajwe tena. Unakwenda kuchukua laki moja. Mwezi ukiisha inadaiwa laki na thelathini. Ukishindwa, ile thelathini nayo inazaa. Kanisa linapata bati, na nyumba ya muumini inapoteza godoro. Nehemia alikuwa na haraka ya ukuta kuliko sisi tulivyo na haraka ya jengo, alikuwa na maadui wenye mikuki nje, na bado kilio kile kilipomfikia hakusema "tumalize kwanza ukuta, haya mengine tutayazungumza baadaye."

Alifanya nini? Alikasirika sana. Neno liko wazi. Halafu akafanya shauri na nafsi yake, maana yake hakuropoka. Halafu akawakemea wakuu na mashehe, yaani viongozi wa mji, uso kwa uso: mnatoza riba, kila mtu kwa ndugu yake. Hiyo ilikuwa imekatazwa tangu Kutoka sura ya 22, kumkopesha maskini wa watu wako na kumtoza riba. Halafu akaitisha mkutano mkubwa juu yao.

Kwenye mkutano huo anasema jambo la aibu kubwa kwa wakuu: sisi kwa kadiri tulivyoweza tumewakomboa ndugu zetu waliouzwa kwa mataifa, na ninyi mnataka kuwauza tena, wauzwe kwetu sisi wenyewe? Nao wakanyamaza. Hawakuwa na la kujibu. Na mara tu baada ya hapo Nehemia anafanya kitu ambacho viongozi wachache hukifanya, naomba mkiangalie vizuri, mstari wa 10: hata mimi, na ndugu zangu, na watumishi wangu, tunawakopesha fedha na ngano, tuliache jambo hili. Hakujitenga akasimama upande wa malaika. Alijiweka kwenye daftari la wakopeshaji, kisha akalifuta la kwake mbele yao.

Kisha linakuja neno dogo, "leo". Warudishieni leo mashamba yao, mizabibu yao, mashamba yao ya mizeituni, na nyumba zao, pamoja na sehemu ya mia ya fedha na ngano na divai na mafuta mnayowatoza. Ile sehemu ya mia, wafafanuzi wengi wanaielewa kuwa ni asilimia moja kwa mwezi. Asilimia moja! Hapa kwetu Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni ndogo za mikopo zisizopokea amana, na huko mtaani mnajua wenyewe kikomo hicho kinavyoheshimiwa. Nehemia alikasirika kwa asilimia moja, akaita makuhani, akawaapisha wakuu, akakung'uta vazi lake akasema Mungu na amkung'ute hivyo hivyo kila asiyelitimiza neno hili, abaki mtupu. Kusanyiko lote likasema Amina.

Kuna jambo moja katika sura hii nimelitafakari sana. Nehemia ni mtu wa maombi. Sura ya 1 anafunga na kuomba. Sura ya 2, mfalme akimuuliza swali tu, anaomba kabla ya kujibu. Sura ya 4 anaomba, sura ya 6 anaomba. Katika sura ya 5 sala yake imewekwa mstari wa mwisho kabisa: unikumbuke, ee Mungu wangu, kwa mema. Mashamba yamesharudi. Sisi tunafanya kinyume. Tunatangaza usiku wa maombi ya kufutiwa madeni, watu wanakesha na bahasha mkononi, na aliyewakopesha kwa riba ya kikatili amekaa safu ya pili anaimba pambio kuliko wote. Sisemi tusiombe. Nasema kuna maombi ambayo jibu lake liko mfukoni mwa aliyekaa kushoto kwako, na yeye naye anakwambia "tutakukumbuka kwenye maombi."

Na msije mkadhani Nehemia alikuwa mkali kwa mali za wengine tu. Mistari inayofuata kiapo kile inasema alikuwa liwali kwa miaka 12, tangu mwaka wa 20 hadi wa 32 wa Artashasta, na hakula chakula cha liwali, kile kilichokuwa haki yake. Waliomtangulia walichukua mkate na divai na shekeli 40 za fedha juu yake. Yeye mezani pake walikuwa watu 150, kila siku anachinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita na kuku, na mzigo huo hakuwatwisha watu, kwa sababu, anasema mwenyewe, utumwa wa watu hawa ulikuwa mzito. Mtu anayejua bei ya kilo ya nyama ataelewa hiyo ni sadaka ya namna gani.

Hayo ni ya wakopeshaji. Sasa jinsi ya kudai.

Kumbukumbu la Torati sura ya 24 ina sheria fupi ambayo ningependa ibandikwe kwenye kifuniko cha lile sanduku letu la kufuli tatu. Mstari wa 10 na 11: ukimkopesha jirani yako kitu, usiingie nyumbani mwake kutwaa rehani. Simama nje. Yule unayemdai ndiye atakayekuletea rehani huko nje. Basi. Mkopeshaji ana haki yake, hakuna anayeikataa, lakini haki hiyo inaishia kizingitini. Huingii. Huoni walichopika wala ambacho hawakupika. Huoni kitanda. Mwenye nyumba ndiye anayechagua cha kukutolea, na watoto wake hawamwoni baba yao akipekuliwa.

Mnaona tulipofika sisi? Zamani wadai walikuja na gari wakabeba friji mchana kweupe, majirani wakitazama. Siku hizi hata gari halihitajiki. Umejaza mkopo kwenye simu, umebonyeza "kubali" bila kusoma, na programu imeshaingia ndani. Imechukua namba zote. Ukichelewa siku mbili, ujumbe unakwenda kwa mama mkwe, kwa bosi wako, kwa mwalimu wa mtoto, kwa katibu wa kwaya: "Mwambie fulani alipe deni, ni tapeli." Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sheria ya Musa ilisema simama nje. Mtu wa leo nyumba yake imo ndani ya simu, na mdai amekaa sebuleni anasoma barua zake.

Lakini tusiwanyooshee vidole wenye programu peke yao. Sisi kwenye kundi letu la WhatsApp, si tumewahi kubandika orodha ya wanaodaiwa marejesho? Watu 60 wanasoma, wengine hata si wanakikundi, ni waume na dada zao wameshika simu. Hiyo ni kuingia ndani. Mdai mtu wako, una haki, mpigie, mwendee, simama mlangoni. Usiingie.

Mstari wa 6 wa sura ile ile unasema mtu asitwae rehani jiwe la kusagia, la chini wala la juu, maana atakuwa ametwaa uhai wa mtu. Jiwe la juu ni dogo, linabebeka, ni rahisi kulichukua. Lakini ukilichukua, jioni hakuna unga. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilibeba cherehani ya fundi aliyekwama marejesho. Cherehani ikakaa miezi kwenye stoo ya katibu, chini ya viti vya plastiki, mkanda wake umelegea, na fundi anapita barabarani kila siku hana kazi. Walikuwa wanasubiri alipe. Alipe kwa nini? Kwa mama lishe, jiwe la kusagia ni jiko na sufuria. Kwa kijana wa bodaboda ni pikipiki. Katiba ya kikundi chetu, kifungu cha dhamana, inasema "mali yoyote yenye thamani." Leo mchana nitaomba hayo maneno mawili, "mali yoyote", yabadilishwe.

Na vazi. Kutoka 22 inasema ukitwaa vazi la jirani yako kuwa rehani, mrudishie kabla jua halijachwa, maana ndilo la kujifunika; alale na nini? Mtu anaweza kudhani hizo ni sheria za kupamba kitabu tu, hazikumhusu mtu wa kweli. Mwaka 1960, kwenye magofu ya ngome moja karibu na pwani ya Israeli, kusini mwa bandari ya kale ya Yavne-Yam, wachimbaji walipata kigae cha udongo chenye maandishi ya Kiebrania ya karne ya 7 kabla ya Kristo. Ni barua ya malalamiko ya mvunaji, kibarua wa shambani, kwa mkubwa wa pale. Anasema alikuwa amevuna, amepima, ameweka ghalani kama kawaida, na bado mtu mmoja, Hoshayahu mwana wa Shobai, akaja akamchukulia vazi lake. Anataja mashahidi wake: ndugu zangu wote waliovuna pamoja nami kwenye jua watanishuhudia. Anaomba arudishiwe vazi. Ni kigae kidogo tu, lakini jina la mchukuaji limekaa humo karne 26 sasa, na tunalisoma.

Sasa nigeuke kwa tunaodaiwa, maana hapa nilipofika naona wenye madeni mmeanza kupiga makofi sana.

Wafalme wa Pili sura ya 4. Mwanamke mmoja, mke wa mmoja wa wana wa manabii, anamlilia nabii Elisha. Mume wangu amekufa, anasema, nawe unajua mtumishi wako alikuwa mcha Bwana, na anayetudai amekuja kuwatwaa wanangu wawili wawe watumwa. Ni nyumba ya mtumishi wa Mungu, mchaji Mungu, na amekufa na deni. Wale wanaofundisha kwamba deni ni laana inayowapata wasio na imani, wasome mstari huo wa kwanza halafu wafunge kitabu wakae kimya kidogo.

Hadithi hii tumeifanya kuwa hadithi ya mafuta. Upako wa mafuta, mafuta yasiyokauka, leta chupa yako mbele. Mimi naiona kwanza kuwa hadithi ya vyombo. Elisha hakumlaumu, hakumuuliza mumeo alikopea nini. Alimuuliza: nyumbani una nini? Hana kitu ila chupa ya mafuta. Akamwambia: nenda ukaombe vyombo kwa majirani zako wote, vyombo vitupu, wala si vichache. Fikirini mtaa ule. Mjane ambaye kila mtu anajua anadaiwa anabisha hodi na kuomba ndoo, dumu, sufuria, mtungi. Kuna jirani angeweza kusema, huyu akishindwa kulipa na vyombo vyangu navyo vitabebwa. Walitoa. Na mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha. Mtoto aliambiwa leta chombo kingine, akajibu hakuna tena. Kwa hiyo kipimo cha muujiza kilikuwa mikononi mwa mtaa. Jirani aliyetoa mtungi mkubwa hakujua kwamba siku ile alikuwa anaamua ukubwa wa chakula cha wale watoto mwaka mzima.

Halafu lile agizo la mwisho. "Enenda ukayauze mafuta haya, uilipe deni yako, nayo yaliyosalia uyatumie wewe na watoto wako." Tazama utaratibu wake. Uza. Lipa. Yanayobaki mle. Muujiza wa Mungu mwenyewe, mafuta yaliyotoka mbinguni, na fungu la kwanza linakwenda kwa mdai! Elisha angeweza kumwombea yule mdai afe. Dubu wangekuwepo, sura mbili nyuma walitoka wawili msituni wakawararua vijana waliomdhihaki. Hakufanya hivyo. Deni lilikuwa deni, na mtu wa Mungu alitaka lilipwe.

Na sisi? Pesa ya kikoba imeingia Ijumaa, Jumamosi kuna mchango wa harusi, sare ya kitenge, keki ya ndafu kwa wifi. Mwezi wa marejesho unafika, simu haipokelewi. Mwezi wa pili laini imebadilishwa. Ukikutana naye mlangoni kwa kanisa anakwambia "Mungu ni mwema, atafungua milango." Milango ilifunguka, mpendwa, ulipita nayo kwenda kwa fundi wa kushona gauni. Zaburi ya 37 haina huruma na hili: "Asiye haki hukopa wala halipi." Haikusema mwenye shida. Mwenye shida ana sura yake, anakuja kabla ya tarehe, anakaa na mhazini, anasema nimekwama, nipeni miezi mitatu. Huyo Biblia yote iko upande wake. Mwanafunzi wa manabii aliyeangusha shoka mtoni Yordani hakusema bahati mbaya, akaenda kukata mti mwingine. Alipiga kelele, ole wangu, kwa sababu lilikuwa la kuazima. Kelele ile ndiyo iliyomleta Elisha ukingoni.

Wadhamini sitawaweka sana. Mithali sura ya 6 inamwambia aliyemdhamini mwenzake ajiponye kama paa mkononi mwa mwindaji, asilale usingizi. Wengi humu mnaijua hiyo kwa machozi. Lakini kuna mdhamini mwingine. Njaa imekaza Kanaani, ndugu zake Yusufu wanatakiwa kurudi Misri na Benyamini, na mzee Yakobo hataki kumwachia. Reubeni alishajaribu kudhamini, akaweka rehani watoto wake wawili: usipomwona Benyamini waue wanangu. Ni dhamana ya ajabu, kumwekea babu rehani wajukuu zake mwenyewe! Yakobo akakataa. Kisha Yuda akasema, mimi nitakuwa mdhamini wake, kwangu mimi utamtaka. Na kule Misri kikombe kilipoonekana kwenye gunia la Benyamini, Yuda akasogea mbele ya yule bwana mkubwa akasema, nichukue mimi niwe mtumwa badala ya kijana, yeye aende na ndugu zake. Huyo ni Yuda yule yule aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu. Reubeni alidhamini kwa mali ya wengine, Yuda kwa mwili wake. Na Paulo anamwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, mtumwa wake Filemoni: kama unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu, mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa. Alikuwa kifungoni wakati anaandika hayo. Kwa hiyo, mdhamini unapotia saini kwa sababu tu umeona haya kukataa, wewe ni Reubeni. Kataa. Hakuna dhambi kukataa. Lakini ukishaandika, umeandika kwa mkono wako.

Nakaribia kumaliza, naona mama wa jikoni amechungulia mara mbili.

Kiapo kile cha Nehemia sura ya 5 kilikuwa cha mdomo na cha kukung'uta vazi. Vazi likishakung'utwa linakauka, watu wanasahau. Nehemia alilijua hilo, maana katika sura ya 10 mambo yanaandikwa. Agano linawekwa kwenye maandishi na kutiwa muhuri, na kati ya vifungu vyake kimoja kinasema mwaka wa 7 tutaiacha nchi ipumzike na kusamehe madai ya kila deni. Kabla ya vifungu imewekwa orodha ya majina ya waliotia muhuri: makuhani, Walawi, wakuu wa watu. Jina la kwanza kabisa ni la Nehemia mwenyewe, liwali, mwana wa Hakalia.

Kwa hiyo katibu ana karatasi yenye marekebisho ya katiba ninayoyaleta kwenye mkutano. Hakuna zana ya kazi itakayochukuliwa kuwa dhamana. Hakuna jina la mdaiwa litakalobandikwa kwenye kundi la WhatsApp. Atafuatwa na watu wawili, nyumbani kwake, na watasimama mlangoni. Atakayekuja mwenyewe kabla ya tarehe kusema amekwama atapewa muda bila faini. Atakayekuwa na uwezo asilipe atasimamishwa kukopa, awe mwanakwaya au mzee wa kanisa. Na mwenye mkopo wa kausha damu aliouchukua kwa ajili ya ahadi ya jengo, ahadi hiyo isomwe kuwa imetimia, na mfuko wa jamii umsaidie kuumaliza mkopo. Hilo la mwisho nimeshalizungumza na baba mchungaji, na amekubali lijadiliwe. Mwenyekiti, mhazini na mimi, ambao sisi sote tuna mikopo kwenye sanduku hilo hilo, tumeshatia saini juu kabisa. Kalamu iko mezani, mjadala ni wa kwenu. Mwenyekiti, karibu.